Mwongo hana alama usoni: kwa nini tunadanganywa kirahisi, na ukweli unapatikanaje

Simama pale Sabasaba au nje ya soko la Majengo uwaulize watu mwongo unamjuaje, wengi watakujibu hata hujamaliza swali: mwongo hakuangalii usoni. Wengine wataongezea kwamba anajikuna pua, anachezea funguo, anameza mate, jasho linamtoka hata kama ni mwezi wa saba na upepo wa Dodoma unakata mifupa. Na sio Dodoma tu, kuna utafiti ulitoka mwaka 2006, watu wa nchi 58 waliulizwa swali hilohilo na jibu lililoongoza ni hilohilo la macho. Yaani watu wasiokubaliana dini, chakula wala mpira, hapa wamekubaliana. Na wamekosea wote kwa pamoja.

Miaka mitatu kabla ya hapo, 2003, mwanasaikolojia wa Marekani Bella DePaulo na wenzake walikuwa wameshakusanya tafiti kibao wakapima dalili 158, macho, mikono, sauti, kupepesa, kujishikashika, kila kitu unachokijua. Nyingi hazikuwa na uhusiano wa maana na uongo, na hizo chache zilizokuwa nao ni uhusiano mwembamba, unauona ukishaunganisha mamia ya watu kwenye hesabu, sio wa kumkamatia shemeji yako sebuleni. Kukwepa macho hakukuwemo kabisa kwenye zinazosaidia. Na ukifikiria inaeleweka, kwa sababu kinachotoa jasho sio uongo, ni woga, na mtu anayeogopa kukamatwa na mtu anayeogopa kusingiziwa wanatetemeka sawasawa.

Huku kwetu hii imani ya macho ina hasara ya ziada ambayo watu hawaisemi. Kijana aliyekulia Bahi au Mpwapwa au huko ndani Chamwino kafundishwa tangu mdogo kwamba mkubwa akiongea unainamisha kichwa, unasalimia kwa adabu, humkodolei mzee macho kama unataka ugomvi. Kijana huyo anakuja mjini, anaenda kwenye usaili, au tuseme kaitwa ofisini kwa sababu hela ya duka imepungua, bosi anamuuliza, yeye anaangalia chini kama alivyolelewa. Basi, kesi imeisha, "si mnaona hata macho hanitazami." Wakati huohuo tapeli mzoefu, ambaye anajua kabisa watu wanaangalia macho, anakukazia yake, anakushika mkono, anakuita kaka, anakuapia kwa mama yake. Kwa hiyo kipimo chetu kinamuumiza mwenye adabu na kumpitisha mwizi.

Sasa tukija kwenye namba ndo utachoka. Mwaka 2006 hiyohiyo DePaulo na mtafiti mwenzake Charles Bond waliunganisha tafiti ambazo watu zaidi ya 24,000 kwa jumla walikuwa wamewekewa kauli za kweli na za uongo wazitofautishe. Walipatia asilimia 54. Ukirusha sarafu ya mia mbili juu bila kusikiliza neno hata moja utapata kama 50, kwa hiyo akili zetu zote na uzoefu wetu wote vimeongeza nne. Kwenye kauli za kweli walipatia asilimia 61, kwenye uongo 47, maana yake uongo uliwapita zaidi ya nusu. Na usiseme hao ni watu wa kawaida, polisi na wengine ambao kazi yao ni hiyo hawakuwapita raia. Kinachowatofautisha mara nyingi ni kwamba wao wanajiamini zaidi, ambalo ni jambo la kuogopesha ukiwa ndo wewe umekaa upande wa pili wa meza.

Na mashine je? Ile ya kupima uongo, ya kufungwa mikanda na waya, ilianza kutumika kule Berkeley, California, mwaka 1921, na inachopima ni mapigo ya moyo, pumzi, jasho la vidole na presha. Yaani woga tena, tumerudi palepale. Aldrich Ames alikuwa afisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, huku anawauzia Wasovieti siri, akapimwa mwaka 1986 akapita, akapimwa tena 1991 akapita, alikamatwa 1994, na kilichomponza ni hela, alikuwa analala kwenye nyumba na anaendesha gari ambavyo mshahara wake haukuweza kuvinunua. Shika hilo la hela na mshahara, tutalirudia. Hao hao Wamarekani waliweka pia maafisa viwanja vya ndege wa kusoma nyuso na mienendo ya abiria, kazi iliyoanza 2007, na wakaguzi wa serikali yao walipoikagua 2013 ilikuwa imeshakula kama dola milioni 900 na hawakuona ushahidi wa kuwaridhisha kwamba inafanya kazi. Wakashauri hela ipunguzwe.

Swali linalobaki ni kwa nini tuko hivi, kwa nini binadamu amekaa duniani miaka yote hii hajajifunza kumjua mwongo. Jibu ninalolikubali mimi ni la Timothy Levine, mtafiti wa Marekani, yeye anasema binadamu kwa kawaida anaanzia kwenye kuamini, na hiyo sio ujinga, ni busara, kwa sababu watu wengi muda mwingi wanasema kweli. Yeye na wenzake waliwauliza Wamarekani 1,000 kuhusu saa 24 zilizopita (matokeo yalitoka 2010), karibu asilimia 60 walisema hawajadanganya hata mara moja, na karibu nusu ya uongo wote ulitoka kwa asilimia 5 tu ya watu. Unaweza kucheka kwamba umewauliza waongo kama wanadanganya, sawa, lakini picha yenyewe inafanana na mtaani. Kila mtaa una watu wawili watatu wanaojulikana, hata akikwambia leo Jumatatu unaangalia simu. Waliobaki wakikwambia daladala ya Nkuhungu inapita pale, inapita pale. Jaribu siku moja kukagua kila unachoambiwa uone kama utafika hata kazini.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo imeshasema mara kadhaa kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa mpaka iwepo sababu nzito ya kutomwamini. Levine na majaji wetu hawajawahi kukaa meza moja, ila wamefika sehemu moja.

Na tapeli anaishi hapohapo, kwenye huo uaminifu wetu. Chukua ile meseji ambayo sidhani kama kuna mwenye laini Tanzania hajaipata, "ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani". Watu wanaicheka, wanasema nani mjinga wa kutuma. Lakini haikutumwa kwako wewe, imetumwa kwa namba nyingi kwa mkupuo na inamtafuta mtu mmoja tu, mama ambaye saa hiyohiyo ana hela ya kodi mkononi na mwenye nyumba alimwambia jana atamtumia namba. Kwake yeye ile meseji haina kasoro, imekuja wakati wake, akili yake yenyewe ndo imejaza jina la mwenye nyumba ambalo tapeli hakuliandika. Hakuna uso hapo wa kuangalia, hamna pua ya kukunwa. Dawa yake ni ya dakika moja, unampigia mwenye nyumba kwa namba yake ya siku zote, na ile meseji unaipeleka 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Hivohivo kwa anayekupigia kwamba mwanao kaanguka shuleni yuko hospitali tuma hela ya vipimo haraka, ukiweza kukata simu ukampigia mwalimu unayemjua umemaliza. Ndo maana hawataki ukate simu. Mtu akikuharakisha na wakati huohuo anakuzuia usimwambie mwingine, hiyo ndo dalili pekee ambayo mimi naiheshimu, na wala haipo usoni.

Kuna kitu kingine kinachotuchanganya na kwa Dodoma hiki ni kikubwa kuliko vyote: sio kila anayekwambia kitu kisicho kweli anadanganya. Uongo ni mpaka mtu ajue kwamba sio kweli na akusudie uamini. Sasa nenda kwenye viwanja. Mji huu ulipangwa na CDA, mamlaka iliyopewa kazi ya kujenga makao makuu, kuanzia 1973, ikavunjwa Mei 2017, mambo yake ya ardhi yakahamia Manispaa ambayo Aprili 2018 ikawa Jiji, serikali yote ikawa inahamia huku, bei za Iyumbu, Nala, Mtumba na Ihumwa zikapanda kila mtu akiona. Sehemu kubwa ya haya maeneo yalikuwa mashamba, mtu kalima uwele na karanga hapo na baba yake na babu yake. Mzee kama huyo akikuuzia eka akakwambia ni yangu, anakutazama machoni, hatetemeki, anakuonyesha mpaka mti waliopandia mpaka, na anasema kweli kabisa jinsi anavyoijua yeye, wakati kwenye mchoro ofisini palishapimwa siku nyingi ni viwanja vinne na vyote vina majina ya watu wengine. Ungemfunga mzee mashine ya California angepita vizuri sana. Dalali naye aliyekupeleka huenda kaambiwa na dalali mwenzake, aliyeambiwa na mtoto wa mzee, na kila mmoja kaamini aliyemtangulia. Hapo unasoma uso wa nani?

Halafu ongeza na marudio. Tangu 1977 inajulikana, watafiti Marekani walionyesha kwamba kauli ukiisikia mara nyingi unaanza kuiona ya kweli hata kama mwanzoni ulikuwa na mashaka nayo. Ukisikia bodaboda, mama ntilie na kinyozi wote wanasema barabara ya lami inapita Nala upande ule wa kiwanja chako, mwisho utaapa uliiona kwenye ramani, kumbe wote watatu walimsikia dalali mmoja.

Kwa hiyo kama nyuso hazisaidii tunafanyaje. Unahama kwenye mtu unaenda kwenye maneno yake, na kwenye vitu ambavyo maneno yake yanaweza kugusana navyo. Aldert Vrij, ambaye kafanya kazi ya maisha yake juu ya hili kule Uingereza, anasema kudanganya ni kazi ya kichwa, inabidi utunge, ukumbuke ulichotunga, ufiche unachokijua na umwangalie msikilizaji kama anaamini, vyote kwa pamoja. Sasa ukimwongezea mzigo kidogo anaanza kuchemka. Unamwambia akusimulie kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Unamuuliza swali ambalo hakujiandaa nalo. Mtu aliyesema jana alikuwa kwenye kikao Gairo amejiandaa kuulizwa kikao kilihusu nini, hakujiandaa kuulizwa mlikaa upande gani wa ukumbi, chakula mlikula kabla au baada, nani alichelewa. Mkweli anaweza akasema sikumbuki na akaendelea, mwongo anaogopa kusema sikumbuki kwa hiyo anatunga, na akitunga umepata kitu cha kwenda kumuuliza mtu mwingine aliyekuwepo. Ila angalizo, kumbukumbu ya mtu mkweli nayo inachuja, mtu anakosea saa, anakosea rangi ya gari, hiyo peke yake sio uongo.

Njia yenye nguvu zaidi naona ni ile ya kutulia na ushahidi wako. Sisi tabia yetu ukishapata kitu unakimbilia kumwagia mtu usoni, "nimeona meseji zako zote!", sasa umempa ramani, anajua unachojua na anatunga kuzunguka hapohapo. Mwaka 2006 mtafiti Maria Hartwig na wenzake kule Sweden walifanya jaribio na wanafunzi wa upolisi, wote walihoji watuhumiwa wa wizi wa kuigizwa, wengine walikuwa wamefundishwa kwanza kwamba ushahidi uliopo usiuonyeshe mapema, mwache mtu aeleze mwenyewe, umuulize taratibu kuzunguka pale ushahidi ulipo, ndo uutoe mwishoni. Waliofundishwa walipatia asilimia 85. Ambao hawakufundishwa, 56, yaani palepale pa sarafu. Tofauti yote hiyo imetoka kwenye kunyamaza. Na Ames niliyemtaja, mashine ilimpitisha mara mbili, nyumba na gari vikamkataa, kwa sababu vilikuwa havilingani na mshahara.

Mahakama zetu zimefika huko kitambo. Ni kweli jaji au hakimu aliyemwona shahidi kizimbani anapewa uzito wa kusema alionekanaje, lakini Mahakama ya Rufani inapopima kama shahidi ni wa kuaminika inatazama zaidi maelezo yenyewe yanashikana au yanajipinga, na ukiyaweka pembeni ya ushahidi wa mashahidi wengine yanakaaje. Na kuna kitu kingine wanakirudia sana, shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema, nafasi ya kwanza kabisa aliyopata, ndo kunampa uaminifu. Ukisema ulimtambua mwizi usiku ule lakini ukamtaja baada ya wiki tatu, utaulizwa ulikuwa unasubiri nini. Hii unaweza kuitumia hata kwenye familia, maana story inayobadilika kila kipande kipya cha ushahidi kikitoka, na kila mara inabadilika kwa kukifuata hicho kipande, hiyo sio kumbukumbu inayorudi.

Upande wa pili wa jambo hili watu hawaugusi, kwamba ukweli unaupata pia kwa namna unavyoupokea. Watafiti Victoria Talwar na Kang Lee mwaka 2011 walitoa utafiti wa watoto wa miaka mitatu na minne kutoka shule mbili Afrika Magharibi, moja ina viboko, nyingine haina. Mtoto anaachwa na mdoli nyuma yake anaambiwa asigeuke, mtu mzima anatoka, watoto wa shule zote wanageuka tu (ungegeuka hata wewe), kisha wanaulizwa umegeuka? Wa shule ya viboko karibu wote walikana, na sio kukana tu, walikuwa mafundi wa kukana, ukimbana kwa swali linalofuata hajiumbui, wakati wa shule nyingine wengi walijikanyaga. Umeona ilivyo, fimbo haikupunguza uongo, iliutia makali. Mwaka 2014 Lee na wenzake wakajaribu tena kwa hadithi, watoto waliosomewa hadithi ya mwongo aliyeadhibiwa hawakubadilika, waliosomewa ya mtoto aliyekiri akasifiwa ndo walikiri zaidi. Na mambo ya watoto sio ya watoto peke yao. Bosi anayefoka kwenye kikao cha Jumatatu ataambiwa "kazi inaenda vizuri mkuu" mpaka siku jengo linaegemea. Kusema ukweli kuna gharama, na mwenye kuamua gharama hiyo mara nyingi ni yule anayeulizia.

Alafu kuna uongo ambao sisi tumeuweka kwenye adabu na sidhani kama tutauacha. Mgeni kafika mchana, njaa inamuuma, unamkaribisha ugali na mlenda anakwambia nimeshakula. Mtu homa imempiga siku nne ukimuuliza habari anajibu nzuri. Rafiki anakwambia nimefika Nzuguni na unasikia kabisa maji ya bafu. Na ule mzito kuliko wote, simu ya alfajiri, "baba hali yake sio nzuri, jitahidi upande basi uje", wakati maturubai yameshafungwa na kaburi limeanza kuchimbwa. Najua wapo wanaosema hiyo nayo ni uongo na ifutwe, na mtu mzima ana haki ya kujua kabla hajakaa saa nane kwenye basi peke yake akiomba Mungu amponye marehemu. Nawaelewa. Ila mimi kipimo changu ni nani anafaidika, aliyepiga ile simu hakubaki na chochote zaidi ya mzigo wa kukusubiri stendi ya Nanenane akijua atakwambia nini. Muuza kiwanja cha watu anabaki na milioni zako.

Na kwa sababu ni milioni zako, kwenye kiwanja usiangalie mtu kabisa, hata kama ni mjomba. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi ujue jina lililopo ni la nani na kama kina mkopo juu yake, lipia kwa namba ya malipo ya serikali upewe risiti, sio kwa mtu kwenye korido. Kama muuzaji ana mke au mume, mwenza naye aje asaini. Nenda kwenye eneo siku ambayo dalali hayupo uongee na majirani wa pande zote na mwenyekiti wa mtaa, swali lako liwe la wazi tu, hapa ni kwa nani, usiwatajie jina wewe. Dalali mkweli hatakasirika sana. Anaweza akanuna kidogo akuulize kwani huniamini kaka, hapo wala usianze kumsomea tafiti, mwambie tu mimi nakuamini, tatizo mke wangu, yeye ndo kang'ang'ania twende ardhi kwanza. Hata kama hujaoa.